Aliyesoma naye afundishwe kusema: Funzo la surua ya Minnesota

  

Ndugu msomaji, Nabii Musa (AS) alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, miongoni mwa aliyoyaomba kwa Mola wake ni kufunguliwa fundo la ulimi ili maneno yake yafahamike, na kupewa msaada wa nduguye Harun, ambaye alikuwa fasaha kuliko yeye. Ujumbe alikuwa nao tayari, na ulikuwa wa haki. Pamoja na hayo aliona kwamba haki nayo yahitaji ulimi wa kuifikisha. Ijumaa hii tunataka tuzungumze juu ya ulimi huo, si wa mitume, bali wa wasomi wa zama zetu, hususan watafiti vijana wanaotoka katika jamii ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na watu wake katika maabara na vyuo vikuu. Kisa chetu kinatoka Marekani, lakini kinawahusu watu tunaowajua vyema.

Mwezi Aprili mwaka 2017, ugonjwa wa surua ulizuka katika jiji la Minneapolis, jimboni Minnesota. Huko ndiko iliko jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, watu waliokimbia vita vilivyofuatia kuanguka kwa serikali ya Siad Barre mwaka 1991, na wengi wao walipitia kambi za wakimbizi za Kenya kabla ya kuvuka bahari. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha mwezi Agosti, watu 75 walikuwa wameugua, wengi wao watoto wadogo wa Kisomali ambao hawakuwa wamechanjwa. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakufariki mtu, ingawa baadhi ya watoto walilazwa hospitali.

Mtu anaweza kudhani kwamba wazazi hao walikuwa wakaidi wasiotaka chanjo tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo. Mwaka 2004, katika kila watoto 100 wa Kisomali waliotimiza miaka 2 jimboni humo, 92 walikuwa wamechanjwa surua. Kufikia mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi 42. Katika miaka 10 tu, zaidi ya nusu ya kinga ya jamii nzima ilikuwa imekwisha. Je, ni nini kilichotokea kati ya hapo?

Pengo lisipozibwa na mwenyewe

Kilichotokea ni swali lililokosa jibu. Mnamo mwaka 2008, wazazi wa Kisomali wa Minneapolis walianza kuona kwamba watoto wao wengi wanapelekwa katika madarasa maalumu ya watoto wenye usonji. Hali hiyo iliwatisha, na lugha yao haikuwa hata na neno mahsusi la kuitaja. Wakauliza: kwa nini watoto wetu? Hilo lilikuwa swali la mzazi yeyote mwenye akili timamu, na wahenga walishasema kwamba kuuliza si ujinga.

Wataalamu walihitaji muda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulitoa majibu yake mwaka 2013, ukaeleza kwamba kiwango cha usonji kwa watoto wa Kisomali kilikaribiana na cha watoto wa Kizungu wa mji huo, lakini watoto wa Kisomali waliokuwa na usonji walielekea zaidi kuwa na upungufu wa akili pamoja nao. Majibu hayo yalikuwa na maana kubwa, ila yalikuja baada ya miaka mitano, na yaliandikwa kwa lugha ya watafiti.

Katika kipindi hicho pengo halikukaa wazi. Mwaka 2010 na 2011 alifika Minneapolis kuzungumza na wazazi hao Andrew Wakefield, yule daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1998 aliandika makala juu ya watoto 12 akiihusisha chanjo ya surua na usonji. Makala hayo yalifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata katika nchi mbalimbali hazikuuona uhusiano huo. Lakini alifanya jambo moja ambalo wengi wenye elimu sahihi hawakulifanya kwa wakati: alikwenda, akakaa na wazazi, akawapa jibu la swali lao. Jibu lilikuwa la uongo, nalo likapokewa kwa kuwa lilifika mapema.

Surua ilipozuka, idara ya afya ya jimbo ilitambua kwamba vipeperushi havitoshi. Wakatumwa wafanyakazi wa afya ambao ni Wasomali, wakazungumza Kisomali na wazazi katika vituo vya jamii na majumbani. Maimamu nao walisaidia, na suala la chanjo likazungumzwa misikitini. Safari hii aliyekuwa akisema alijua swali la mama kabla mama hajalitamka.

Si kila ulimi wa nyumbani ni salama

Hapa ndugu msomaji anaweza kusema: kama ni hivyo, dawa ni nyepesi. Tutafute mtu wa jamii husika, tumpe karatasi, akawasomee wenzake. Tunamwomba asubiri, kwani historia ya Marekani yenyewe inatuonya.

Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliendesha utafiti katika eneo la Tuskegee, jimboni Alabama, juu ya wanaume 600 weusi, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana damu mbaya. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba katika miaka ya 1940, hawakupewa, kwa sababu watafiti walitaka kuona ugonjwa utakavyowatafuna hadi mwisho. Siri hiyo ilifichuliwa na vyombo vya habari mwezi Julai 1972, na Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa tarehe 16 Mei 1997.

Sasa tuangalie ni nani aliyewafanya wanaume wale warejee kupimwa mwaka baada ya mwaka. Alikuwa muuguzi mweusi, Eunice Rivers, mtu waliyemwamini, aliyewajua kwa majina, aliyewachukua kwa gari na kuwajulia hali majumbani. Ulimi wake ulikuwa wa nyumbani. Lakini mpango haukuwa wake, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa wengine. Imani ya watu ikawa kamba ya kuwavutia kwenye madhara yao.

Kwa hiyo jamii iliyowahi kudhulumiwa haikosei inapouliza maswali mazito. Mtu wa jamii hiyo anayekwenda kuzungumza kwa niaba ya sayansi anabeba amana mbili kwa pamoja: ya elimu na ya watu wake. Hapana budi awe na uwezo wa kuuliza na kukataa huko juu, siyo wa kutumwa tu huku chini. Tarishi hawezi kuibeba amana hiyo. Anatakiwa mwanasayansi ambaye kazi yenyewe ameifanya kwa mikono yake.

Mfano wa mtu wa namna hiyo ulionekana katika janga la korona. Dk. Kizzmekia Corbett, mwanamke mweusi aliyekulia North Carolina, alikuwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani, akiongoza kikundi cha watafiti wa virusi vya jamii ya korona. Kazi yake na wenzake ndiyo iliyochangia kupatikana kwa chanjo ya Moderna, ambayo majaribio yake kwa binadamu yalianza tarehe 16 Machi 2020. Chanjo ilipopatikana, hakukaa maabara peke yake. Alizungumza na makanisa na vikundi vya watu weusi, akijibu maswali ya waliokuwa wakiikumbuka Tuskegee. Waliposikia kwamba mmoja wa waliounda chanjo hiyo ni binti wa kwao, walikuwa na mtu wa kumuuliza uso kwa uso: wewe mwenyewe uliona nini?

Corbett hakuzuka tu kama uyoga. Alisoma katika chuo kikuu cha Maryland cha Baltimore County chini ya mpango wa Meyerhoff, ulioanzishwa mwaka 1988 kuwalea vijana weusi katika sayansi. Mti ule ulipandwa miaka mingi kabla ya watu kuhitaji kivuli chake.

Yanayofundishwa

Katika miaka ya karibuni Wamarekani wameanzisha mafunzo mahsusi ya kuwafundisha wanasayansi kuzungumza na watu. Kituo cha Alan Alda katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, kilichoanza mwaka 2009 na kupewa jina la mwigizaji mashuhuri, hutumia hata mazoezi ya maigizo ili mtafiti ajifunze kumtazama msikilizaji badala ya kuitazama karatasi yake. Lakini wanafunzi wanaotoka katika jamii za weusi, za wenye asili ya Amerika ya Kusini na za wenyeji wa asili wa bara hilo waliona kwamba mafunzo ya kawaida hayagusi mambo yanayowakabili wao. Mtandao wa wanasayansi wa Puerto Rico, Ciencia Puerto Rico, ulioanzishwa mwaka 2006, ulishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale kuwafunza wanafunzi wa shahada ya uzamivu, na kueleza sayansi kwa umma ni sehemu ya mafunzo hayo. Mwaka 2018 wanafunzi wawili wa vyuo vikuu vya California walianzisha warsha zao wenyewe ziitwazo ReclaimingSTEM. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Rhode Island kiliitisha kongamano la kwanza juu ya namna ya kuieleza sayansi bila kumwacha mtu nje.

Je, kinachofundishwa ni nini? Tukikusanya, tunaona mambo manne.

La kwanza ni kusikiliza kabla ya kusema. Zamani wataalamu walidhani kwamba watu ni vyombo vitupu, ukivimimina elimu vitajaa, na ubishi utakwisha. Ripoti ya taasisi za taifa za kisayansi za Marekani ya mwaka 2017 ilieleza wazi kwamba fikra hiyo haikidhi. Watu hupima neno jipya kwa yale waliyoyapitia na kwa wale wanaowaamini. Mama wa Minneapolis hakukosa taarifa tu. Alikosa mtu wa kumsikiliza alipoeleza hofu juu ya mwanawe.

La pili ni kulivua neno ganda lake. Maneno ya maabara yana maana nyingine mtaani. Hata kwetu, mgonjwa akiambiwa kwamba majibu yake ni chanya, anaweza kutoka akishukuru, kumbe ameambiwa ana ugonjwa. Mtafiti hufundishwa kuyajua maneno ya namna hiyo katika lugha zote mbili, ile aliyosomea na ile aliyolelewa nayo. Hapo ndipo kijana wa jamii ndogo anapogundua kwamba Kihispania cha bibi yake au Kisomali cha mama yake, lugha ambayo pengine aliionea haya chuoni, ni chombo cha kazi.

La tatu ni mfano unaotoka katika maisha ya msikilizaji. Tuseme mtafiti anataka kueleza chanjo ya mRNA kwa watu wanaohofia kwamba inabadilisha maumbile ya mtu. Anaweza kusema hivi: chembe ya mwili ni kama nyumba yenye jiko, na daftari la mapishi ya ukoo limefungiwa katika chumba cha ndani. Chanjo ni kikaratasi anachopelekewa mpishi jikoni. Mpishi hupika kitu kimoja tu, ambacho walinzi wa nyumba hukionja na kukikariri, ili adui mwenye alama hiyo akija wamjue. Kisha kikaratasi huchakaa na kutupwa. Chumba cha ndani hakikufunguliwa, na daftari halikuguswa. Maelezo haya hayakudanganya popote, na hakuna aliyehitaji shahada ili kuyaelewa.

La nne ni ujasiri wa kusema sijui. Vijana wengi wa jamii hizi huona kwamba wakikiri kutojua, watathibitisha dhana mbaya iliyokuwapo juu yao. Wanavyuoni wetu walishaonyesha njia. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa maswali mengi na msafiri aliyetoka mbali, akayajibu machache na katika mengi akasema hajui. Hadhi yake haikupungua. Mtafiti anayesema wazi wapi elimu yake imeishia, huaminiwa anaposema lile analolijua.

Tulipokuwa wadogo madrasani, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kututaka tukamsimulie mama somo la siku, na kesho yake atuulize mama alisema nini. Aliyejibu kwamba mama hakuelewa, alirudishwa kwenye somo. Tulidhani anatuonea. Tulipofika chuo kikuu na kusikia mihadhara ya watu wenye elimu kubwa ambayo hakuna aliyetoka nayo na kitu, ndipo tulipomkumbuka kwa heri. Katika shahada zote tulizozipata, hatukuwahi tena kuulizwa mama alisema nini.

Mzigo usio na ujira

Hata hivyo, haitakuwa insafu kuyasifu mafunzo haya bila kutaja uzito wanaotwishwa vijana hao. Mtafiti kijana hupimwa kwa makala aliyochapisha na fedha za utafiti alizozipata. Saa aliyoitumia kanisani au msikitini akijibu maswali ya wazee haiandikwi popote. Na kwa kuwa katika idara yake yuko peke yake au wawili, kila linapotokea jambo la jamii yake huitwa yeye. Akienda, kazi yake hudorora. Asipokwenda, dhamiri humsuta, na pengine pengo hujazwa na mwingine kama lilivyojazwa Minneapolis. Wamarekani wameuita mzigo huu kodi ya walio wachache.

Takwimu zinaithibitisha dhiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science ulionyesha kwamba waombaji weusi wa fedha za taasisi za taifa za afya za Marekani walikuwa nyuma ya wenzao weupe kwa takriban asilimia 10 katika uwezekano wa kupata, hata baada ya kulinganisha elimu na uzoefu wao. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ukaeleza sehemu ya sababu: weusi waliomba zaidi kutafiti mambo yanayohusu afya ya jamii na watu kwa jumla, na maombi ya aina hiyo yalipewa fedha kwa uchache zaidi. Yaani yule anayetaka elimu yake irudi kwao, ndiye anayeelekea zaidi kurudi mikono mitupu.

Fauka ya hayo, mwezi Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri za kukomesha mipango ya serikali kuu iliyolenga kuongeza watu wa jamii hizo. Katika miezi iliyofuata taasisi za taifa za afya zilifuta ruzuku nyingi, zikiwamo za kuwafunza watafiti vijana, na mashauri yakafikishwa mahakamani. Wapo wanaosema kwamba mipango hiyo iliwapendelea baadhi ya watu kwa asili yao, na hoja hiyo inastahiki kusikilizwa na kujibiwa. Lakini surua haisubiri mabishano hayo yaishe. Itakapobisha hodi tena katika mtaa wa watu wenye hofu, swali litakuwa lilelile: ni nani atakayekwenda kusema nao, na je, wanamwamini?

Tunawajibika nini?

Kwa vyuo na wenye fedha za utafiti, tunaona kwamba haki ni kuihesabu kazi ya kueleza kuwa ni kazi. Iandikwe katika wasifu wa mtafiti, ilipwe, ihesabiwe anapopandishwa cheo. Wala wenzao wa jamii kubwa wasiwaachie wao tu, kwa sababu kujifunza kumsikiliza mtu mnyonge si wajibu wa mnyonge mwenzake peke yake.

Kwa watafiti vijana, wakiwamo watoto wetu walioko Minneapolis, Columbus, Toronto na London, tunasema: msisubiri mpaka maradhi yazuke ndipo mje kujitambulisha. Ufa huzibwa wakati ukuta ungali umesimama. Mtu aliyekuja arusini na matangani, akajibu swali dogo la sukari na shinikizo la damu, ndiye atakayesikilizwa siku ya swali kubwa.

Na kwa sisi tunaosimama mbele ya watu, maimamu na walimu, wajibu wetu ni kuifungua milango. Tumpe kijana huyo nafasi baada ya sala, tumvumilie anapotafuta neno, na tuwafundishe watu wetu kumuuliza bila kumtweza. Tusimtake aseme yale tuliyokwisha kuyaamini. Kisha anapoondoka tumuulize kama mwalimu wetu alivyotuuliza: mama alisema nini?

Wabillahi tawfiq.